Kilima Kilichotokea Baada ya Chai

Nimekabidhi funguo za chumba cha mashine, funguo za friza kubwa, na ule ufunguo mdogo ambao hakuna aliyewahi kujua ulikuwa wa nini. Kwa hiyo sasa nimestaafu rasmi. Ninyi mliobaki maabarani mliniomba niandike machache kuhusu kazi, na mke wangu Wangari ameunga mkono kwa nguvu zote, kwa sababu kukaa kwangu nyumbani hapa Makongeni kumeanza kumchosha. Anasema nimepanga upya kabati la vikombe mara mbili kwa wiki moja. Ni kweli, ila sasa limepangika.

Habari za vyeo sitaandika. Nitaandika kuhusu mikono, maana fundi wa maabara ni mikono, na siku moja mikono yangu iliniaibisha.

Maabara yetu mnaijua, iko kando ya barabara kuu kati ya Ruiru na Thika, mabati yake yakipiga kelele mvua ikinyesha hadi mnaongea kwa ishara. Siku yangu ya kwanza nilifika na viatu vipya vilivyonibana, nikitarajia kuonyeshwa darubini. Aliyenipokea alikuwa Mzee Gachanja, fundi mkuu, mtu mfupi mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikono ikasimama. Alinipa pipeti, ndoo ya maji na vichupa mia moja. Akaniambia nitie maji kiasi kilekile katika kila kichupa, kisha nikipime kimoja kimoja kwenye mizani. Nilimaliza saa sita mchana, nikajivuna kidogo. Akatazama karatasi yangu, akasema, "Rudia." Nilirudia wiki nzima. Siku ya Ijumaa viatu vilikuwa vimelegea na vichupa vyote vilikuwa sawa.

Gachanja alikuwa na amri mbili. Ya kwanza ilikuwa kuanza na tupu. Tupu ni kichupa chenye kila kitu isipokuwa kile unachokitafuta. Ukitafuta dawa ya kunyunyizia kahawa ndani ya maji ya mto, kwanza unapima maji ambayo unajua hayana dawa. Mashine ikikuonyesha dawa hapo, kuna kitu kimeingia mahali, na kila utakachopima siku hiyo hakiaminiki. Amri ya pili ilikuwa kuandika kwa wino.

"Ukikosea, piga mstari mmoja tu," aliniambia. "Mmoja. Halafu jina lako kando. Tunataka kuona ulikosea wapi. Ukikwaruza yote hivyo, tutadhani uliua mtu."

Amri ya tatu ilikuwa kutokula maabarani, lakini hiyo aliisimamia akiwa na ndizi mbivu kwenye droo ya karatasi za kuchujia, kwa hiyo siihesabu.

Sigara nilijifunza hapohapo kazini, nyuma ya chumba cha jenereta. Stima ilikuwa ikipotea mara kwa mara, na mtu mmoja ilibidi akae na jenereta asikilize kama inakohoa. Mtu huyo nikawa mimi. Madereva walikuwa wakivuta pale, wakanikaribisha, nami nikakaribishika. Baada ya miaka michache jenereta ilibadilishwa ikaletwa nyingine isiyohitaji mlinzi, lakini mimi niliendelea kwenda kuilinda kila siku saa nne asubuhi, wenzangu wakinywa chai.

Basi tukapima kahawa, maji, maziwa na udongo. Mzee Gachanja akastaafu, nikarithi droo yake, nikakuta ganda moja la ndizi lililokauka kama ngozi. Kisha akaja Profesa Nduta na mradi wake, na kazi ikabadilika kabisa.

Profesa Nduta ni mwanamke mrefu anayeongea taratibu, na ukimwambia jambo hunyamaza kwanza hadi unaanza kulibadilisha mwenyewe. Alitukusanya akatueleza. Mtu akivuta sigara, nikotini inaingia kwenye damu. Ndani ya ini kuna kimeng'enya ambacho kazi yake ni kuivunja. Kuna watu ambao kimeng'enya chao ni cha pole, nikotini hukaa nao, wakivuta chache wanatosheka, na wakitaka kuacha huwa rahisi kidogo. Wengine chao kina haraka. Sigara haijazimika vizuri na tayari ini limefagia kila kitu, mtu anatafuta kiberiti tena. Profesa alitaka kutengeneza kizuizi, kemikali ndogo ya kuingia ndani ya kimeng'enya hicho na kukikalia, ili mvutaji aanze kupunguza bila mwili kumpigia kelele.

"Na si hiyo tu," akasema. "Hicho kimeng'enya na ndugu yake aliyeko kwa mapafu, ndio wanachukua kemikali zingine za moshi na kuzigeuza kuwa zile zinaleta kansa. Tukiwazuia, tunafunga milango miwili."

Nilimpenda hapohapo. Kahawa na udongo vilikuwa vimenichosha, na mashine mpya ilikuwa tayari imefika kwenye kreti, ya kugundua nikotini hata iwe chembe ndani ya pipa. Niliitamani ile mashine kuliko kitu chochote.

"Kwa sababu ni nikotini tunapima," Profesa akaendelea, "mtu anayevuta haingii chumba cha sampuli. Nani hapa anavuta?"

Dereva mmoja akainua mkono. Mimi nikatazama dari.

"Macharia? Watu waliniambia wewe..."

"Niliacha, Profesa."

"Lini?"

"Zamani."

Zamani yenyewe ilikuwa saa nne asubuhi ya siku hiyo. Alifurahi sana, akasema nitakuwa mfano kwa wengine. Nikatia sahihi fomu ya wasiovuta. Jioni nikamwambia Wangari habari ileile, kwamba nimeacha, ili nisiwe na uongo wa aina mbili. Nilijiambia kwamba nitaacha kweli kabla kreti haijafunguliwa. Kreti ilifunguliwa kesho yake.

Mwanzoni tulizoesha mikono kwa ini la ng'ombe. Nililinunua Ruiru karibu na kichinjio, likiwa bado na joto, nikalibeba kwenye ndoo ya barafu. Muuza nyama alinizoea.

"Daktari, ini tena? Kwani huko kwenu hamli matumbo?"

"Hatuli. Tunasaga tu."

"Mnasaga halafu?"

"Tunazungusha kwa mashine, tunachukua supu."

"Sasa hiyo si ni kula?"

Na ile mashine yetu ya barafu ilipokufa, nilikuwa nikichukua barafu kwa mama wa kuuza juisi ya nanasi pale Thika, aliyeamini kabisa kwamba tunaweka soda zetu. Sikumsahihisha, maana angeanza kuuliza ya ini. Baadaye supu ya ini la binadamu ililetwa kutoka mbali ikiwa imegandishwa, iliyotayarishwa na watu wanaojua kazi hiyo, nasi tukaishika kama yai.

Ndipo akaja Mwende. Mnamjua kama Daktari Mwende, lakini alikuja kwetu akiwa mwanafunzi, binti wa wakulima wa upande wa Ngoliba, mwenye kicheko kinachosikika hadi getini. Kazi yake ilikuwa kubuni na kupika vizuizi vyenyewe. Ndani ya kimeng'enya kuna kifuko chembamba sana, na molekuli inayotaka kukaa humo sharti iwe ndogo na bapa. Alichora kwenye kompyuta, akaenda kupika, akaniletea unga mweupe kwenye kichupa. Sita za kwanza zilikuwa nene mno, hazikuingia. Ya saba iliingia lakini ikaingia pia kwenye vimeng'enya vingine ambavyo mwili unavihitaji kwa dawa za kawaida, ikatupwa. Alizipa namba, na kila moja ikishindwa alikuwa akiiambia, "Pole, mama," kisha anaandika namba inayofuata. Miaka ilikwenda hivyo. Yeye anapika, mimi natia vichupani na kupeleka kwenye mashine, kwa sababu mikono yangu ndiyo iliyoaminika.

Namba kumi na tisa ilipokuja, nikotini haikuvunjika. Mashine huchora kila kemikali kama kilima kwenye karatasi, na kilima cha nikotini kilibaki kimesimama mwanzo hadi mwisho. Mwende alinikumbatia, kofia yake ikaanguka kwenye ndoo ya barafu.

Halafu tukatazama tupu. Kwenye tupu, ambako hakukupaswa kuwa na nikotini hata kidogo, kulikuwa na kilima. Kidogo, lakini kilima.

Tulirudia. Mara nyingine tupu ilikuwa safi, mara nyingine kilima kilekile. Mwende ndiye aliyekuwa akiosha vyombo na kuchanganya maji ya kazi, kwa hiyo macho yote yakamwendea. Alibadilisha sabuni, maji, glavu na vichupa. Aliosha hadi vidole vikakunjamana. Profesa Nduta akakagua majedwali yake ya nyuma, akakuta vilima vidogo huko pia, ambavyo hatukuvitilia maanani. Akamwita ofisini. Mwende alitoka akiwa amenyamaza, na kumsikia Mwende amenyamaza lilikuwa jambo la kuogofya.

"Amesema nini?" nikamuuliza.

"Ati kama tupu si safi, hakuna kitu yangu inaaminika. Jumatatu anaandika kwamba tunasimamisha. Nianze mradi mwingine." Akajaribu kucheka. "Miaka mitatu, Mzee. Nitaambia mama nini? Ameambia kanisa lote nitakuwa daktari."

Nilimwambia yatapita. Ndiyo maneno tunayosema tusipokuwa na la kusema.

Alhamisi hiyo aliniletea daftari lake. Alikuwa amepanga tupu zote kwa saa zilipotengenezwa, mstari baada ya mstari, kwa mwandiko wake mdogo ulionyooka.

"Mzee, niangalilie. Zile za asubuhi ni safi. Kilima kinakuja baada ya chai tu. Hata ile wiki ulienda matanga, nikatengeneza mwenyewe, hakuna kilima. Sasa kwa chai huwa kuna nini? Ni maziwa? Ni stima?"

Alikuwa ananiuliza kwa uaminifu kabisa. Hakushuku. Nilijua tayari, na nadhani sehemu yangu moja ilikuwa imejua tangu kilima cha kwanza. Huwezi kufanya kazi ya nikotini miaka yote hiyo usijue kwamba inatoka kwenye pumzi, inakaa kwenye vidole, inapanda juu ya glavu mpya wakati wa kuzivaa. Nilikuwa natafuna peremende na kunawa mikono, nikidhani namficha binadamu mwenzangu. Mashine haikujali peremende.

Siku ile sikusema. Nawaambia hili ili mjue ilivyo. Nilikwenda nyumbani, nikala ugali, nikamwacha binti wa watu alale na kosa langu.

Ijumaa saa nne nilikwenda nyuma ya jenereta, nikavuta moja, yote. Nikanawa mara tatu kwa sabuni, nikavaa glavu mpya, nikatengeneza tupu. Nikamwomba Mwende atengeneze yake pembeni kwa maji yaleyale. Tukazipeleka kwenye mashine pamoja, nikavuta kiti nikakaa karibu naye.

Yake ilitoka mstari ulionyooka kabisa. Yangu ikatoka kilima.

Alitazama skrini, akanitazama, akatazama skrini tena.

"Ni mimi," nikasema. "Sijaacha sigara, Mwende. Sikuacha hata siku moja."

"Mzee." Alisema hivyo tu kwanza. Halafu machozi yakaja. "Mimi nimekuwa nikiosha vyupa nikiomba Mungu! Nikidhani nina mkosi! Na wewe ulikuwa unaniona!"

"Nilikuwa nakuona."

Alitoka nje. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona tena, na sitaki.

Jumatatu nilikuwa mlangoni kwa Profesa kabla hajaweka mkoba chini, nikiwa na zile karatasi mbili. Nilimweleza yote, hadi mambo ya dari. Akanyamaza kwa namna yake. Safari hii sikubadilisha neno.

"Macharia, uliniambia zamani."

"Nilikudanganya, Profesa."

"Ningekutoa hapa leo." Akazigeuza zile karatasi. "Lakini umeniletea ushahidi dhidi yako mwenyewe, na bado umekumbuka tupu ya kulinganisha." Akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe ni kicheko. "Ngai! Mwaka mzima natafuta wavutaji wa kuwahoji, na mmoja ako hapo nyuma ya jenereta yangu!"

Alipomaliza kucheka alikuwa mkali. Mradi wa Mwende uendelee. Mimi nisikanyage chumba cha sampuli hadi tupu ya mikono yangu itoke safi, na niandike kosa langu katika daftari kuu. Niliandika kama nilivyofundishwa. Kwenye kurasa zote zilizochafuka nilipiga mstari mmoja, yaliyoandikwa yakisomeka vizuri chini yake, na kando nikaandika, "Uchafuzi wa moshi wa sigara. Macharia." Kurasa hizo bado zipo. Mwanafunzi mpya akija, nimesikia huonyeshwa.

Nyumbani ilikuwa rahisi kuliko nilivyoogopa.

"Wangari, kuna kitu nataka kukuambia. Sikuacha sigara."

"Baba Njeri," akaniambia bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe, "ni nani hufua hilo koti?"

Mwende alikaa siku nne bila kuniongelesha isipokuwa "pitisha hiyo." Siku ya tano alinijia na kijiti cha kuchukulia mate. Alitaka kupima ini langu lina kasi gani. Majibu yalipotoka alishindwa kujizuia kucheka, na kile kicheko kilinifurahisha kuliko msamaha.

"Mzee, hii ini yako ina haraka kuliko boda! Unavuta, inafagia. Unavuta, inafagia. Wewe ndio yule mtu tunatengenezea dawa!"

Ila dawa yenyewe haikuwa ya kumpa mtu, ilikuwa unga ndani ya kichupa. Na hata ile chingamu ya nikotini ya kusaidia watu kuacha nilinyimwa, kwa sababu ingeonekana kwenye mashine. Ninyi mkimshauri mtu, mwacheni aitumie, inasaidia. Mimi niliacha kavukavu kwa sababu ya mashine. Nilikula miwa, nikala nanasi hadi ulimi ukawaka, nikawagombeza watu wasio na hatia. Wangari alifua kila nguo, hata tai. Na kila Jumatatu Mwende alinikalisha kwenye chumba cha pembeni nitengeneze tupu, akaipima, akanionyesha kilima. Kilikuwa kikishuka. Kisha Jumatatu moja kikapanda.

"Mzee, Jumamosi ulikuwa wapi?"

"Harusini, Kiuu. Mpwa wangu. Watu walikuwa wanavuta hapo karibu."

Akasogeza karatasi mbele yangu. "Hiki si cha jirani. Hiki ni chako."

Sigara zilikuwa mbili. Nilimwambia zilikuwa mbili. Hakunigombeza, alisema tu, "Haya, tunaanza tena," kwa sauti ileile aliyotumia kuzipa pole namba zake. Nilianza tena. Sijui mnavyowachukulia watu waliorudia sigara, lakini mkumbuke sauti hiyo.

Siku tupu yangu ilipotoka safi hakuniambia. Alichapisha karatasi, akaiweka mezani, akasimama. Mstari ulianza kushoto ukaenda kulia bila kupanda popote. Nilikaa kitako. Mwende akapiga kelele, "Aiiya!" hadi Profesa akaja mbio akidhani kuna moto. Nilitoa machozi, nikawaambia ni kemikali.

Kuhusu namba kumi na tisa, tulipoirudia kwa mikono safi haikuwa nzuri kama tulivyodhani. Sehemu ya kile kilima kirefu ilikuwa yangu. Lakini ilizuia kweli, na kutoka kwayo Mwende akapata wazo la kupunguza kona moja, na namba ishirini na mbili ikakaa kifukoni sawasawa bila kugusa vimeng'enya jirani. Akawa daktari, na kanisa la mama yake likapata habari Jumapili hiyohiyo. Namba ishirini na mbili bado haijafika duka la dawa. Iko kwenye majaribio ya maabara, inaenda polepole, na huenda mmoja wenu ndiye atakayeifikisha au atakayegundua kwamba haitoshi. Yote mawili ni kazi. Mkipata kilima kwenye tupu, msimtazame kwanza aliye mdogo chumbani.

Siku ya kuniaga nilitarajia saa ya ukutani, kama wote. Mwende aliniletea fremu iliyofungwa kwa karatasi ya zawadi. Ndani mlikuwa na ile karatasi ya Jumatatu tupu yangu ilipotoka safi, yenye tarehe na jina langu. Nimeitundika sebuleni juu ya televisheni.

Wiki iliyopita pasta wetu alikuja kunitembelea. Akanywa chai, akaitazama ile fremu kwa muda mrefu, akasogea karibu, akavaa miwani.

"Mzee Macharia, hii picha ni ya nini? Mbona haina kitu?"

Nilifungua mdomo nianze mambo ya vimeng'enya, lakini Wangari alinitangulia kutoka jikoni.

"Angalia vizuri, pasta. Hapo ndipo sigara ilikuwa."